Pete Iliyopakwa Samli

"Kisima, lori limesimama Maswa. Uwanja wa kiwanda cha pamba. Marobota yamejaa mpaka juu."

"Na pete?"

"Zimo ndani ya robota mojawapo."

"Lipi?"

Nasrin Abubakari aliibana redio ya setilaiti chini ya mtandio, akalitazama lile Scania jekundu.

"Bado sijui."

Kule Dar es Salaam, bosi wake aliyejiita Kisima alikohoa. Kikohozi kile hakijawahi kuleta heri.

"Vibali vyao ni halali. Una mpaka adhana ya alasiri. Ukichana robota la wenyewe halafu ukakosa, lori litaondoka na sisi tutabaki kuomba radhi. Umeelewa, Nungu?"

"Nimeelewa."

Redio ikanyamaza.

Nasrin alijitwisha beseni la karanga, akaanza kulizunguka lori. Mfukoni, vidole vyake viligusa filimbi. Alikuwa ameitoa asubuhi ile ile kwenye kiganja cha Selestini, mlinzi wa makumbusho madogo ya Bariadi. Selestini alikutwa nyuma ya mlango, waya shingoni. Hakuwahi hata kuipuliza.

Ndani, pete zote zilikuwa bado kwenye makabati ya vioo. Ziling'aa kupita kiasi. Zote bandia.

Lililomuuma Nasrin ni kwamba alikuwemo humo humo. Kwa siku kadhaa alikaa mlangoni akikata tiketi, akimvizia Varga, mgeni anayenunua vitu vya wafu na kuwauzia matajiri. Alikuwa akitazama nje. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye funguo za makabati alikuwa Gregory, mhifadhi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine na sifa zake kedekede, na alfajiri ile Gregory alitoweka na funguo zake. Polisi wa barabarani walimwona akilifuata lori jekundu la pamba kuelekea Maswa.

Kati ya pete zilizoibwa, moja ilikuwa ya Salu.

Salu aliivua nyumbani kwao Mwamapalala ili isimpotee wakati wa kuvusha ndama. Mto ulijaa ghafla. Ndama walirudi, Salu hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Mama yake, Lukresia, aliwakopesha makumbusho pete ile kwa sharti moja tu.

"Mniruhusu kuja kuipaka samli," alisema. "Kitu cha marehemu hakiachwi kikauke. Mimi mwanangu hana kaburi. Kaburi lake ndilo hili."

Gregory alimkatalia. Samli itajaza sisimizi kwenye makabati, alifoka, hapa ni makumbusho si jikoni. Alipotoka kwenda kula, Selestini alimfungulia bibi mlango wa nyuma. Jana pia alimfungulia.

Nasrin alipitisha beseni karibu na marobota. Chini ya karanga kilikuwepo kifaa cha kunusa chuma, kilicholetwa kwa ndege kwa mbwembwe nyingi. Kikatetema. Akasogea, kikatetema tena. Kila robota lilikuwa limefungwa kwa mikanda ya chuma, na kifaa kile cha thamani kikawa sawa na jogoo mgonjwa, kinawika saa zote.

Msikitini mtu alijaribu kipaza sauti. Muda ulikuwa unayoyoma.

Nasrin akachuchumaa kando ya tairi kama mtu anayechambua karanga zake. Hapo ndipo alipowaona.

Sisimizi.

Mstari mwembamba ulipanda tairi, ukafuata kamba, ukaingia kwenye mshono wa robota la kona ya nyuma. Hilo moja tu. Gregory aliyachukia mafuta yale, lakini aliibeba pete ikiwa bado imepakwa.

"Karanga zako zina chumvi, mama?"

Kiswahili kilikuwa safi mno. Mdomo wa bastola ulimgusa ubavuni.

"Usigeuke haraka," Varga alisema. "Gregory, mnyang'anye redio."

Gregory alitokea nyuma ya Land Cruiser nyeupe, jasho likimchuruzika. Akaichukua redio. Macho yake yakafuata mstari wa sisimizi mpaka juu, akaganda.

"Ni lile," alinong'ona. "Sisimizi wametuumbua."

"Basi safari ya lori imekwisha," Varga alisema. "Tunatoa mzigo na kuondoka na gari dogo. Wewe, kata mkanda."

Alimtupia Nasrin mkasi wa kukatia chuma, akasimama mbele ya robota, karibu kabisa, ili aone kitakachotoka.

Novatus, dereva wa lori, alikuwa ameketi kivulini na chai yake. Alitazama mkasi, akatazama aliposimama Varga. Akainuka taratibu na kurudi nyuma.

Mzee Abubakari, baba yake Nasrin, alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na kila mtoto wake alifundishwa jambo moja kabla ya kuruhusiwa ghalani: pamba iliyoshindiliwa ina hasira, na mkanda wake hukatwa ukiwa umesimama ubavuni.

Varga hakuwa na baba wa namna hiyo.

Nasrin alijibanza ubavuni, akakata.

Mkanda ulifyatuka na kumchapa Varga usoni. Risasi ikaenda mbinguni. Kabla hajaanguka vizuri, Nasrin alikuwa ameshaipiga teke bastola yake, na Glock ya Nasrin ilikuwa imetoka kwenye beseni ikimwaga karanga.

Gregory alipiga magoti, mikono kichwani.

"Sikujua atamuua Selestini, dada. Naapa."

"Ulijua ataiba."

Adhana ikaanza.

Nasrin aliiokota redio. "Kisima, Nungu hapa. Mzigo umepatikana."

"Na watu?"

"Mmoja anavuja damu, mwingine analia."

"Wewe?"

"Nimemwaga karanga."

Kesho yake mchana, Lukresia alikuja makumbusho na kibuyu chake. Nasrin alimpokea mlango wa mbele, akamsalimu kwa Kisukuma kama mtoto anavyomsalimu mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone. Selestini yuko wapi?"

Nasrin alikwisha kutazamana na bastola bila kupepesa. Hapa alipepesa. Akamweleza yote, akamwekea pete kiganjani.

Bibi aliinusa, akaifumbata. Chozi lilimshuka nalo hakulifuta.

"Ameacha nini?"

Nasrin akatoa filimbi.

"Iweke karibu na Salu," Lukresia alisema. "Mtu aliyekufia mlangoni kwa mwanangu, na yeye ni wangu."

Akachovya kidole kwenye samli, akaipaka pete. Kisha akasogeza kibuyu kwa Nasrin.

Simu ya Nasrin ilitetemeka. Kisima. Aliiacha itetemeke mpaka alipomaliza kuipaka filimbi yote, mpaka kwenye kitundu cha kupulizia. Akaiweka kando ya pete, akafunga kioo.

Ndipo akavaa miwani yake ya jua na kutoka nje.

"Nungu hapa," alisema. "Nipe kazi."