Kombaini ya Mzee Kipkemei

Jambo hili lilimpata Wekoye, jirani yetu wa Bungoma anayekusanya trekta ndogo za mfano na kuzipaka rangi upya. Jumamosi moja alienda Kitale kuchukua kombaini, mfano wa mashine ya kuvunia mahindi, ya chuma na ndogo kama kiatu, ambayo mzee Kipkemei aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Hiyo paka rangi tu, bana," mzee alimwambia. "Meno yake usiguse."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha kwa kishindo na stima ikapotea. Akiwa peke yake katika stoo ya nyumbani kwake isiyo na dirisha, Wekoye aliingiza kidole kuyapapasa meno yale. Kombaini haikuwa na injini wala betri, lakini ilinguruma. Meno yalikidaka kidole na kukitafuna mpaka mfupa ukalia. Wekoye alipiga mayowe, akaibamiza mashine ukutani mara tatu, damu ikimrukia usoni, mpaka ikamwachilia.

Mkewe, Nabwile, alikuja mbio na tochi. "Ati ni nini imekukata hivyo?"

Mashine ilikuwa imenyamaza. Chini ya bomba lake la kumwagia mahindi zilitapakaa kucha saba za mwanamke, si za Nabwile, zimepakwa rangi ya zambarau, na nyama mbichi bado imezishika.