Hakimu Mwenye Barafu Mdomoni

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, mama alinipima joto. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa saluni yake: viti viwili, kioo kirefu, ndoo ya maji na vitana vya kila aina. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kipimajoto chini ya ulimi, naye alisubiri kilie ndipo aandike namba kwenye daftari. Jioni tulifanya hivyo hivyo, kisha akanipaka mafuta kichwani.

"Mimi msusi hodari, halafu mwanangu kipara," alinitania siku moja. "Utanifukuzia wateja!"

"Waambie ndiyo mtindo mpya, Mama."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nikitibiwa saratani ya damu. Dawa zilikuwa zinapambana na ugonjwa, lakini nazo zilikuwa na vituko vyake. Ziliniondolea nywele. Zilinitia vidonda mdomoni, hata chai ya vuguvugu ikaniunguza, na muuguzi akanishauri ninyonye vipande vya barafu. Kubwa zaidi, zilishusha kinga ya mwili.

"Joto likifika thelathini na nane, msingoje kesho," muuguzi alimwambia mama. "Hata kama anacheka na kucheza, mleteni papo hapo. Na mumpime kabla ya barafu, si baada yake."

Kipara hicho hicho ndicho kilichonipa bahati. Mwalimu wetu wa lugha alikuwa akitafuta mwanafunzi wa kuigiza hakimu mzee katika mchezo wa darasa. Aliponiona akapiga makofi. "Huyu hapa! Huyu hahitaji hata kupambwa." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikariri maneno yote kwa siku tatu, na rafiki yangu wa dawati moja, aliyepewa nafasi ya mwizi wa kuku, akaanza kuniita Mheshimiwa hata tukiwa kwenye foleni ya choo.

Mchezo ulipangwa kufanyika Ijumaa. Jumatano jioni, wenzangu wakijipepea kwa madaftari, mimi nilikuwa nikitetemeka kwa baridi. Mtoto aliyezoea matibabu haulizi homa ikoje. Nilijua, na nilijua pia kwamba homa ni hospitali, hospitali ni dripu siku nzima, na hakimu mwingine angekalia kiti changu.

Basi nikafanya ujinga nikidhani ni werevu. Nilipofika nyumbani, kabla mama hajaniita, nilijaza barafu mdomoni, nikainyonya mpaka ulimi ukafa ganzi. Kipimajoto kikalia: thelathini na sita na nukta mbili. Mama akaandika.

Kisha akamimina mafuta kiganjani, akaanza kunipaka. Mkono wake ukasimama katikati ya kichwa.

"Mbona kinachemka hivi?"

"Ni jua, Mama."

"Jua gani la saa hizi?"

Akakifuta kipimajoto, akajipima mwenyewe. Kilikuwa kizima kabisa. Akanitazama mimi, kisha akaitazama mikono yake, iliyoshika vichwa vya watu kwa miaka kumi na mitano.

"Basi ni mikono yangu," alisema taratibu. "Nimesuka tangu asubuhi, labda imechoka."

Nilijisikia vibaya kuliko homa yenyewe. Mama alikuwa tayari kuacha kuiamini mikono yake ili aniamini mimi. Machozi yakanitoka bila kuitwa.

"Mikono yako haina kosa, Mama. Nilinyonya barafu kwanza, kwa makusudi. Sikutaka kuukosa mchezo."

Alikiweka kipimajoto kwapani mwangu, kikasoma thelathini na nane na nukta saba. Kwenye kiti cha pili alikuwapo mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imetimka. Alisimama na kuchukua funguo za gari. "Twendeni," alisema. "Nywele hazina homa, zitangoja." Mlinzi wa hospitali alipotufungulia lango, alimkodolea macho yeye badala ya mgonjwa.

Walinitoa damu, wakakuta kinga imeshuka sana na bakteria wameingia mwilini. Muda si mrefu dawa ya kuwaua ilikuwa ikipita kwenye mshipa wangu. Daktari alimwambia mama kwamba siku mbili zaidi zingeweza kuniua. Hapo ndipo mama aliponigombeza, tena vikali, huku amenikumbatia kiasi cha kunibana pumzi.

Kesho yake mwalimu alipiga simu. Mchezo ulikuwa umesogezwa hadi Jumanne. "Mwizi wa kuku amegoma," alisema. "Anasema hahukumiwi na mtu mwingine." Nilicheka mpaka vidonda vya mdomoni vikauma. Siku zilizofuata nilifanya mazoezi kitandani, na wauguzi wote wawili wa zamu nikawafunga miaka mitatu kila mmoja.

Jumanne asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Mama alishafunga mkoba, joho la hakimu likiwa juu. Daktari akaja na karatasi ya kuniruhusu.

"Kuna chochote kinachokusumbua?"

Kilikuwapo. Tangu alfajiri tumbo lilikuwa likininyonga, na nilikuwa nimekwenda chooni mara tatu. Nililitazama lile joho. Halafu nikamtazama mama.

"Tumbo, Daktari," nilisema. "Linaniuma, na ninaharisha."

Daktari akaweka kalamu mfukoni. Nikafumba macho, nikauaga mchezo wangu. Alinibonyeza tumbo hapa na pale, akauliza maswali mengi, akasoma majibu ya damu ya asubuhi ile.

"Ni dawa za bakteria zimelichokoza," alisema mwishowe. "Homa hakuna, na kinga imepanda. Nitabadilisha dawa, utakunywa maji mengi, na utavaa barakoa mpaka uitwe jukwaani. Likizidi, urudi leo leo."

"Kwa hiyo naruhusiwa?"

"Sikiliza, mwanangu. Dawa ninazo, mashine ninazo, lakini sikai ndani ya tumbo lako. Ukinificha, natibu gizani. Ulidhani ukisema nitakufungia hapa, kumbe mgonjwa anayesema kweli ndiye ninayethubutu kumwachia aende."

Akatoa kalamu, akatia sahihi, nami nikaenda kumhukumu mwizi wangu.