Imenikaa

Helmeti ilikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua. Kaka yake alikuwa ameitoa ndani ya boksi lililofungwa, rafu ya chini kabisa ya duka lake, mahali ambapo hata mende hukimbia baridi. Lilikuwa joto la kitu kilichovuliwa kichwani sasa hivi. Mshale alilisikia kwenye mashavu na nyuma ya masikio, akataka kuuliza, lakini kaka yake akishaanza kuzungumzia helmeti, hupati mwanya hata wa kupenyeza sindano.

"Watu wanachagua helmeti kama wanachagua pazia," alisema, akizunguka nyuma yake. "Rangi, rangi, rangi! Helmeti inachaguliwa na kichwa, sio macho. Mashavu yabanwe kidogo, kama shangazi anakusalimia. Paji la uso lisiume. Haya, tikisa kichwa. Unaona? Ngozi inakwenda nayo. Sasa naivuta kwa nyuma. Inatoka?"

"Haitoki."

"Haitoki," alirudia kaka, taratibu.

Alikuwa amekwisha kumjaribisha tatu. Ya kwanza ilicheza kichwani kama sufuria juu ya kijiti, ya pili ikambana paji mpaka akaona nyota, ya tatu ikachomoka ilipovutwa. Baadaye Mshale aliziwaza sana helmeti zile tatu. Mtu aliyeuza helmeti miaka kumi na miwili, anayeweza kukisia saizi ya kichwa chako ungali ng'ambo ya barabara, anakosea vipi mara tatu mfululizo?

Lakini asubuhi ile hakuwaza hivyo. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi. Ndiye aliyemfundisha pikipiki. Jina la Mshale alipewa kazini, kwa jinsi alivyokuwa akichomoka na boksi la baridi mgongoni, akikusanya sampuli za damu kwenye zahanati tisa na kuzifikisha maabara kabla hazijaharibika. Kila alipopongezwa alisema, "Mwalimu wangu ni kaka."

"Na kioo?" kaka aliendelea. Akabonyeza kitufe kidogo karibu na paji la uso, kioo kikaachia kwa mlio wa *ta!*, akapachika kingine kwa muda wa kukohoa tu, bila bisibisi. "Mchana cheusi, jioni cheupe. Unabadilisha hapo hapo barabarani. Inakutosha?"

"Inanitosha."

"Sema vizuri." Alimshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa baridi, vimelowa. "Imekukaa?"

Mshale alicheka ndani ya helmeti. "Imenikaa, kaka."

Kaka alifumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la saruji. "Basi ichukue. Zawadi yangu."

Mlangoni wifi yake alikuwa amesimama na ufagio. Mshale alimuaga, wifi hakuitikia.

Siku ya kwanza alidhani ni upepo. Ukiwa ndani ya helmeti unasikia pumzi zako mwenyewe, hilo kila dereva analijua. Lakini kwenye makutano ya barabara alizuia pumzi ili asikilize honi iliyopigwa nyuma yake, na pumzi nyingine ikaendelea, polepole, karibu kabisa na sikio la kushoto. Siku ya pili kioo kilianza kuingia ukungu, wala si mbele ya mdomo wake. Ulikuwa ukungu mdogo wa duara, juu, usawa wa nyusi, ukija na kwenda, ukija na kwenda. Kulikuwa na harufu pia, ya kaa la moto lililomwagiwa maji. Alijiambia ni sponji mpya. Aliifua kwa sabuni, akaianika juani kutwa nzima, na alipoivaa tena ilinuka vilevile, ila sasa na sabuni.

Siku ya nne, jua likielekea kuzama, alisimama kando ya barabara ili abadilishe kioo. Aliiweka helmeti juu ya kiti cha pikipiki, akabonyeza kitufe, kioo cheusi kikatoka, na alipokuwa anapachika cheupe kidole gumba kiliteleza kikaingia ndani, kikagusa kitu laini chenye unyevu, na kabla akili haijapata jina la kitu hicho kikatetema chini ya kidole, kikafunga na kufungua, na nywele fupi ngumu zikamkuna ngozi, ndipo mwili wake wote ukajua, kabla yeye hajajua, kwamba alikuwa amegusa ukope wa jicho.

Alirusha mkono. Helmeti ilibaki imetulia juu ya kiti, tupu, kioo kikining'inia upande mmoja. Magari yalipita. Mwuza matunda wa ng'ambo alimpungia.

Angeiacha palepale. Lakini boksi mgongoni lilikuwa na damu za watu kumi na nane, wengine watoto, na bila helmeti asingevuka kizuizi cha askari wa barabarani. Akajiambia ni uchovu. Akaivaa.

Alichokumbuka baada ya hapo ni kona ya kwanza, na sauti ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikisema, "Endelea tu, mimi naijua njia," na mikono yake mwenyewe ikikataa kukata kushoto kuelekea maabara, ikinyoosha, ikipita kituo cha mafuta, ikipita shule, ikiacha lami na kuingia vumbi, huku akipiga kelele zisizotoka kwa sababu mashavu yalikuwa yamebanwa kiasi kwamba taya halikufunguka, na ule ukungu wa juu ukizidi kupanuka kwenye kioo mpaka akawa haoni ila weupe, mpaka tairi la mbele likazama ghafla na pikipiki ikazimika yenyewe. Akafungua kioo. Chini ya tairi palikuwa patupu. Alikuwa ukingoni mwa machimbo ya mawe, na kokoto zilikuwa zikiporomoka moja moja kwenye maji ya chini.

"Umeona?" ilisema ile sauti. "Leo nimesimama. Ulisema mwenyewe, imenikaa. Na mimi nimekaa."

Maabara walimpokea amechelewa saa nzima. Sampuli sita ziliharibika. Mpokeaji alimwangalia usoni, akameza karipio lake.

Kesho yake mchana alikwenda dukani. Kaka alipomwona na helmeti mkononi, alirudi nyuma mpaka akagonga rafu.

"Kaka, hii helmeti uliitoa wapi?"

"Kiwandani, kama nyingine. Kwani vipi? Kioo kimesumbua?"

"Kuna kitu ndani."

"Ni masponji hayo, bado mapya. Yatalainika." Alikuwa akizungumza na sakafu. Kisha akakumbuka mteja wa uongo sehemu fulani, akatoka akiwa hata hajavaa viatu vyake vizuri.

Wifi ndiye aliyemvuta Mshale mpaka stoo, katikati ya maboksi, akafunga mlango. Alinong'ona huku mkono uko mdomoni.

"Wifi, nisamehe. Nilitaka kukwambia siku ile, ulimi ukawa mzito."

"Kuniambia nini?"

"Mtu aliirudisha, akaiacha mlangoni, akaondoka anakimbia. Kaka yako akaijaribu. Ikamtosha. Akasema neno hilo, imenikaa." Machozi yalimtoka. "Mwezi mzima, wifi. Alikuwa anaongea na ukuta. Siku moja nilitoka kuoga nikamkuta amesimama akimwinamia mtoto wetu aliyelala, ameivaa, kioo kimefungwa. Nikamwita, akageuka, sauti haikuwa yake. Ikasema, hiki kichwa bado kidogo, nitangoja kikue."

"Na akanipa mimi."

"Hilo jini lilimwambia limekwisha kuzoea damu yake, sasa litahama kwa mtu wa damu hiyo tu. Anayeivaa kwa hiari yake na kulisema neno mwenyewe." Wifi alishika upindo wa blauzi ya Mshale. "Ukimrudishia yeye, litaishia kwa mwanangu. Wifi, nakuomba."

Mshale alitaka kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja ni vile viganja vya baridi, vimelowa, na ile sauti ya upole ikimwambia, sema vizuri. Kumbe alikuwa anapimwa kama kondoo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hiki cha kwake kilikuwa kimemvalisha nguo kwa mikono yake.

Wifi alimwelekeza kwa mganga, mkunga mstaafu aliyekaa nyuma ya karakana ya seremala, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alimtazama Mshale, akaitazama helmeti, akasonya.

"Imerudi na mtu mwingine."

"Unaijua?"

"Kaka yako alikuja nayo hapa. Nilimwambia dawa ipo. Siku saba humu ndani, moshi na maji machungu, na maumivu mengi, lakini linatoka. Akasema ana duka, siku saba ni nyingi." Mganga alikuwa tayari anawasha mkaa. "Njia fupi aliipata kwa jini lenyewe. Wewe una siku saba?"

"Ninazo," alisema Mshale.

Sitasimulia zote. Seremala na wenzake walisema siku ya pili walizima mashine wakidhani kuna mbao inapasuka, kumbe ni sauti ya mtu. Siku ya nne misumari yote kwenye meza ya kazi ilisimama wima juu ya vichwa vyake, wakafunga karakana wakaenda zao. Ndani, Mshale alikuwa mkekani, helmeti imepinduliwa mbele yake kama bakuli, na mara kwa mara lile jini lilimbembeleza kwa kinywa chake mwenyewe: nirudishe kwa kaka yako, lilisema, yeye hakukuonea huruma, nirudishe tu, mengine niachie mimi, utalala leo hii. Naye aliuma mkeka mpaka midomo ikatoka damu, asiseme ndiyo.

Siku ya saba asubuhi wifi alimleta mumewe. Mganga alimkalisha kaka mkabala na dada yake, akamwekea kiganja juu ya helmeti.

"Sema ulichofanya. Jini haliondoki juu ya uongo."

Kaka alitazama mlango. "Mimi sikujua. Haki ya Mungu, mdogo wangu, nilidhani ni helmeti tu, nilikuwa nakutakia mema..."

Kinywa cha Mshale kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kaka yake, yenyewe kabisa, na kile kikohozi chake cha vumbi la dukani.

"Mchukue yeye," ilisema. "Hana mume, hana mtoto. Akipotea nani atamtafuta? Yeye atasema neno lolote nikimwambia aseme."

Wifi alisogea mbali na mumewe.

Kaka alitoa mkono kwenye helmeti, akaurudisha. Alilia. Halafu akasema, yote, kuanzia boksi mpaka viganja, na kila alichosema ule mzigo kwenye shingo ya Mshale ulilegea, mpaka mwisho kabisa akasikia kitu alichokuwa amekisahau: pumzi zake mwenyewe, peke yake.

Mganga aliinua kichwa, akasikiliza upande wa mlango. Pale, kwenye mwanga wa asubuhi, hewa ilikuwa inatetemeka kama juu ya bati la moto.

"Limetoka," alisema kwa sauti ndogo. "Linauliza liende wapi. Jibu ni lako, binti, kwa sababu wewe ndiye uliyetolewa. Popote utakaposema, kwa yeyote, litakwenda."

Kaka alipiga magoti. Alimtazama dada yake, uso umelowa, na Mshale akamtazama naye kwa muda mrefu kiasi kwamba wifi alianza kutikisa kichwa, hapana, hapana, bila sauti.

"Liende mahali pasipo na kichwa cha mtu," alisema Mshale.

Mlango ulijipiga ukutani. Kitu kilipita kikamgusa kaka bega, naye akaanguka kifudifudi. Harufu ya kaa lililozimwa ilijaa chumba, ikapungua, ikaisha. Helmeti ilipasuka katikati kama yai.

Kaka aliinuka akicheka na kulia kwa pamoja, mikono imenyooshwa. "Nilijua," alisema. "Nilijua wewe huwezi kunifanyia hivyo, mdogo wangu. Nilijua."

"Ndiyo," alisema Mshale. "Ndiyo maana ulinichagua mimi."

Mikono ya kaka ilibaki hewani.

Mshale alitoka nje, wifi amemshika mkono mmoja, kisha akamwachia. Pikipiki yake ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana. Hakuiwasha. Aliisukuma akitembea, kichwa wazi, jua likimchoma utosini. Nyuma yake kaka alikuwa ametoka barabarani anamwita, wala si kwa jina la kazini. Alimwita kwa lile jina alilopewa na mama yao, ambalo duniani kote alikuwa amebaki yeye tu wa kulijua.

Alimsikia vizuri. Aliendelea kusukuma.