Sauti Aliyoiokoa Fundi

Nilikuwa nafua sare za watoto rafiki yangu mshonaji alipoingia mbio. Kompyuta yake ilikuwa katikati ya kubadilishiwa mfumo, naye akachomoa waya ili apige pasi, nayo haikuwaka tena. Fundi wa kompyuta alikuwa ameokoa picha zake zote, pamoja na sauti moja ambayo hakuna aliyeirekodi.

“Humo shoka linavunja mlango, dada. Mwanamke analia, anawaita wanangu mmoja mmoja. Kila akitaja jina, shoka linatua kwenye nyama.”

“Si zile filamu za mumeo?”

“Ni sauti yangu.”

Nikamwambia awalete wanawe kwangu. Jioni nikapakua chakula, nikawahesabu watoto, wake na wangu: wote wapo. Mlango ukapasuka kwa shoka. Nje, sauti ya rafiki yangu ikalia, ikimwita kifungua mimba wake. Rafiki mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, kijiko kiko mdomoni.