Mnong'onezi wa Shimoni

Ersilia aliyasikia maneno ya wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

"Mnong'onezi wa leo ana sauti kubwa," alimwambia Nives.

"Mnong'onezi gani, shoga? Lile shimo walilipigilia mbao tangu yule mzee afie humo. Huna habari wewe?"

Ersilia akachungulia kutoka roshani ya juu kabisa, wanakokaa wenye mifuko mitupu na ndimi kali. Kweli, shimo la mbele ya jukwaa, alimokaa mtu wa kuwakumbusha waimbaji maneno, lilikuwa limezibwa. Harufu ya mshumaa uliozimwa ikampanda puani.

Akacheka, akajifanya alikuwa anatania. Tangu moyo wa mumewe Bruno usimame usiku mmoja mwaka jana, Nives ndiye pekee aliyembakia, ndiye aliyempigia simu kila asubuhi na kumburuta operani leo wazomee pamoja kama zamani. Akimwona amerukwa na akili atamkimbia, na Ersilia hakuwa na mtu mwingine.

Wakati wa mapumziko, sauti kavu ilimnong'oneza sikioni: "Nina baridi, nipe skafu yako."

"Nina baridi," akasema Nives. "Nipe skafu yako."

Ersilia akampa. "Tuondoke, Nives. Tafadhali."

"Tuondoke wakati utamu ndio unaanza? Umekula nini leo?" Hata hayo Ersilia alikuwa ameshayasikia.

Taa zikazimwa tena. Kabla ala hazijaanza, sauti ikaja, na safari hii Nives naye aliisikia, maana alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini vidole vyake vikaachana kimoja kimoja kana kwamba kuna mtu anavibandua.

"Bruno alikuwa akija kwangu kila Alhamisi," akasema huku analia. "Shoga, sikutaka kusema. Kuna kitu kinanisemesha."

Iliuma, iliuma sana. Hata hivyo Ersilia alimshika mkono, akataka kumwambia yamepita, lakini ile harufu ikamsogelea mpaka akahisi pumzi ya baridi shingoni, na sauti ikamnong'oneza zamu yake, naye akainyakua skafu akajishindilia kinywani, akaiuma kwa nguvu zote, akatikisa kichwa kukataa huku ulimi wake mwenyewe ukiisukuma nje kidogo kidogo mpaka ikamwangukia mapajani.

"Nilijua," kinywa chake kikasema. "Ndiyo maana usiku ule aliponiomba dawa zake za moyo, nilimwambia zimekwisha."

Nives akauachia mkono wake. Ersilia akatega sikio, akingoja kunong'onezwa jibu la rafiki yake. Hakusikia kitu.

"Muuaji," akasema Nives, na hilo alilisema mwenyewe.