Harusi Isiyokuwepo Hubballi

"Kaka, hiyo dosa unayokula ni yangu."

Nagesh aligeuka, tonge la chapati ile nyembamba ya mchele mdomoni. Mkahawa ule wa mtaa wa Malleshwaram ulifurika asubuhi hiyo; watu walikula wamesimama, bega kwa bega, harufu ya kahawa na samli imetanda mpaka barabarani. Mbele yake alisimama dada mwenye sari ya pamba ya manjano, yasmini nyweleni, stakabadhi mkononi.

"Si wameita arobaini na sita?"

"Yako imeandikwa sitini na nne. Shule hukwenda?"

"Nilikwenda. Hesabu ndizo zilizonishinda."

Dada akacheka. Aliitwa Malavika. Nagesh akamnunulia dosa nyingine, na kabla haijaisha alikuwa amemwambia kwamba anauza pampu za maji. Malavika akasema yeye ni mwalimu wa chekechea.

Wote wawili walikuwa waongo. Nagesh alifanya kazi kwenye kituo cha kuwasiliana na setilaiti. Malavika alikuwa mhandisi wa setilaiti ndogo, zenye ukubwa wa sanduku la nguo. Kila mmoja alikuwa amekula kiapo cha serikali cha kutotoa siri, na kwa miezi saba walipendana hivyohivyo, muuza pampu na mwalimu.

Alhamisi moja, setilaiti iliyolinda pwani ya nchi ikanyamaza ghafla. Hakuna aliyejua kama imeharibika yenyewe au imeharibiwa. Amri ikatoka: nyingine iwe angani ndani ya siku nne.

"Mpenzi, naenda Hubballi," Malavika alisema kwenye simu. "Mdogo wangu Pavana anaolewa."

"Ghafla hivi?"

"Bwana harusi ana haraka."

"Basi sawa. Na mimi naenda Mysuru. Bibi anaumwa."

Jumamosi, wakati wa chakula kituoni, Nagesh aliona si vizuri kukaa kimya. Akampigia Pavana.

"Shemeji, hongera kwa harusi!"

"Harusi yangu? Na nani? Mimi niko bwenini, Jumatatu nina mtihani!"

Nagesh hakula tena. Akampigia Malavika, kengele za kituo zikilia nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Hubballi, mpenzi. Harusini."

"Na bibi harusi yuko bwenini anasoma?"

Kabla Malavika hajajibu, sauti ya mwanamume ikasikika nyuma yake: "Malavika, tunakusubiri wewe tu!"

"Huyo nani?"

"Nagesh, usi... Na hizo kengele za nini? Bibi yako amelazwa kiwandani?"

Simu ikakatika. Malavika alikuwa kwenye lango la kiwanja cha roketi, na askari alikuwa amenyoosha mkono kuchukua simu yake.

Jumatatu saa nne asubuhi roketi iliruka salama. Kituoni, Nagesh alivaa vipokea sauti akasubiri mlio wa setilaiti mpya. Dakika tano. Kumi. Hakuna kitu. Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia kwenye laini.

"Kituo, mimi ni mhandisi wa chombo. Mmepata ishara?"

Sauti ile Nagesh alihisi anaifahamu; akabana vipokea sauti masikioni. "Rudia, tafadhali."

Upande wa pili, Malavika alikuwa ameitambua sauti ile, akadhani ni uchovu.

"Mmepata... ishara?"

"Hapana."

"Redio yake imepigwa na baridi, mawimbi yameshuka. Shusha masafa ya redio kwa kilohezi nane."

"Nikikosea, setilaiti itapita bila kutusikia. Una uhakika?"

"Kwa hili sidanganyi."

Nagesh alimsadiki, bila kujua kwa nini anamsadiki. Akashusha. Mlio ukaja, mwembamba, halafu wazi, na chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Laini ilikuwa inarekodiwa. Hata hivyo Malavika alishindwa kujizuia.

"Bibi anaendeleaje?"

"Amepona," Nagesh alijibu, na mkuu wa zamu akamkodolea macho.

Jumatano jioni walikaa bustani ya Cubbon, benchi moja, kila mtu pembeni mwake.

"Siku mbili nzima nilijua una mwanamume," alisema Nagesh.

"Mimi nilijua una mke."

"Sasa sijui nimempenda mwalimu au nani."

"Usiniulize mimi. Nilishazoea kuringa na mtu wa pampu."

Walicheka, kisha kicheko kikafa. Nagesh akasogea. "Tuoane, Malavika."

"Ukiitwa ghafla tena, utaniambia nini?"

"Naondoka. Basi."

"Na nikiuliza unakwenda wapi?"

"Nitanyamaza."

"Nitaumia."

"Najua. Mimi pia nitaumia."

Malavika alizungusha bangili zake. Simu zikalia, yake na ya Nagesh, kwa wakati mmoja. Kila mmoja alisoma ujumbe wake na kuifunika simu kwa kiganja.

"Naondoka," alisema Malavika.

"Na mimi."

Malavika alikimbilia bajaji, ncha ya sari ikipeperuka. Ilipokuwa inaingia barabarani, kichwa chake kikatokeza nje.

"Nagesh! Njoo umwone baba Jumapili!"

"Utakuwepo?"

"Sijui!"

Nagesh alisimama pale kando ya barabara, asijue acheke au aogope. Kisha akainua mkono kusimamisha bajaji yake.