Jibu kwa Sentensi Kamili

Kiti kilikuwa na joto. Mama Kidoti alikishika ili akisogeze, apate kufagia vipande vya vitambaa, akakiachia upesi. Lilikuwa joto lile la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na chumba cha kushonea hakikuwa na mtu zaidi yake. Tena kiti hicho hakikaliwi. Kilikuwa kiti cha mtahini.

Tuelewane: mtahini mwenyewe hakuwapo. Mama Kidoti alikuwa anajiandaa na mtihani wa kuongea Kiingereza, ule wa ngazi ya chini kabisa, ambao mtoto wa shule angeucheka. Lakini bila kuufaulu asingepata ruhusa ya kumfuata mumewe ughaibuni, na huko kwa mumewe ndiko alikokuwa Kidoti, binti yao wa pekee. Mtoto alitangulia na baba yake akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, na sasa meno ya mbele yanang'oka, mama anayaona pengo kwa pengo kwenye simu. Alikuwa na hamu na mwanawe hadi kifua kikamuuma.

Mwalimu alikuwa amempa mbinu mbili. Weka kiti kitupu mbele yako, mchukulie mtahini amekaa, jiulize na ujijibu kwa sauti. Halafu jibu kwa sentensi kamili, na sema kweli tupu, maana uongo utausahau siku yenyewe. Basi mwanafunzi wetu akawa mtiifu kupita kiasi. Mguu uko kwenye cherehani, mdomo uko kwenye Kiingereza: ninaishi na mama mkwe wangu, mimi ni fundi wa nguo, nina mtoto mmoja.

"Unaongea na nani, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka uani.

"Na kiti, mama."

"Haya. Kikikujibu uniite."

Hakikujibu. Kiliuliza.

Ilikuwa mchana kweupe, siku chache baada ya lile joto. Mama Kidoti alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, swali linalofuata limempotea, mara akaulizwa. Sauti ilitoka usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, taratibu, kwa Kiingereza kilichonyooka: unalala chumba gani? Akajibu kabla akili haijashtuka, kwa sentensi kamili kama alivyofundishwa. Ninalala chumba cha nyuma. Hapo chumba kikanuka udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa linawaka. Alipokwenda kutandika kitanda, upande wa ukutani, ule usiolaliwa tangu mumewe aondoke, aliukuta umebonyea.

Tangu hapo hakuponyoka. Akiulizwa anapenda rangi gani, mdomo unasema bluu, na kitambaa cha bluu cha mteja kinakutwa juu ya kiti kimekunjwa kama nguo iliyovuliwa. Akiulizwa anaamka saa ngapi, mdomo unaitaja saa, na kesho yake saa hiyohiyo kitu kinampulizia shingoni mpaka anaketi wima. Na akikimbilia uani, au bafuni, au akijifunika kanga kichwani, sauti inamfuata bila kupanda wala kushuka, ikingoja kwa adabu, kwani ilijua jibu litakuja tu.

"Mama," alimnong'oneza mkwewe jikoni, "kile kiti kina mtu."

Mama mkwe hakucheka. "Ile harufu naisikia wiki nzima. Nikajidanganya ni bomba linavuja."

"Ananiuliza, nami namjibu. Siwezi kunyamaza, mama. Mdomo unakwenda wenyewe."

Mganga aliletwa, mwanamke mfupi mwenye haraka zake. Alikataa kukaa. Alisimama kizingitini, akanusa, akashusha sauti.

"Huyu jini hakuvunja mlango wa mtu. Ulimwekea kiti, ukamhadithia ya ndani mwako moja baada ya jingine. Anaingilia kwenye majibu. Unachomjibu kinakuwa chake."

"Nimtoeje?"

"Usimjibu tena, hapa wala kokote. Akikosa jibu atachoka, atajiondokea."

"Na mtihani wangu?"

Mganga alimtazama kwa huruma. "Unadhani siku hiyo atabaki nyumbani kulinda cherehani?"

Mama Kidoti alilia hadi mkwewe akamshikilia. Kisha akafuta uso. Afadhali Kidoti amkose mama kuliko kuletewa mama mwenye mgeni. Hatakwenda.

Siku ya mtihani mama mkwe alimfungia chumbani, wakakubaliana hivyo. Lakini kitasa kilizunguka chenyewe, miguu ikajitumbukiza kwenye viatu, na mama mkwe akabaki ameng'ang'ania upindo wa gauni hadi ukachanika. Mama Kidoti alitembea barabarani akitaka kugeuka na shingo haigeuki, akawapita majirani akitaka kuwaita na ulimi hauinuki, akapanda ngazi, akaketi mbele ya mtahini mpole mwenye miwani, akauma meno kwa nguvu zake zote hadi akaonja damu, na mtahini alipouliza swali la kwanza meno yakaachana taratibu kama ya mgonjwa anayelishwa, na majibu yakatoka, sentensi kamili moja baada ya nyingine, kwa ile sauti ya kwenye kiti.

"Hongera sana, mama," mtahini alisema. "Wewe umeiva."

Jioni mumewe alipiga simu, anacheka huku analia. "Mke wangu! Unakuja! Mimi nilishaanza kukata tamaa." Mama Kidoti alitaka kumwambia asitume tiketi, abadilishe namba, amsahau. Vidole vilibana simu sikioni. Mama mkwe alivivuta, havikubanduka.

Kidoti alimpokonya baba yake simu. "Mama, baba anasema unajua Kiingereza! Niongeleshe!"

Mdomo ukatabasamu. Jina lako nani? ukauliza kwa Kiingereza.

Mtoto alilitaja jina lake lote, kwa sentensi kamili.

Unalala chumba gani?

Ninalala chumba cha juu, karibu na dirisha. Ninalala peke yangu.

Mama Kidoti alipiga kelele, na kelele ikabaki ndani. Chumba kilinuka udongo uliolowa.

"Uliza mengine, mama!" Kidoti alisema. "Haya nayajua yote."